Ndizi Nilizokataa Kula

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Makandana.

Mvua imeanza tangu saa mbili asubuhi na haijaona sababu ya kuacha. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jirani, na nguo nilizofua juzi bado zina ubichi kwenye kamba ya ukumbini. Sina furaha, sina huzuni. Nina aibu, ila imetulia kidogo, ile ambayo mtu anaweza kukaa nayo meza moja akaandika.

Wachache mnaosoma hapa mtanisamehe kwa ukimya wa miezi hii. Majina nimebadilisha, maana Tukuyu ni ndogo. Ukikohoa Msasani yetu ya hapa mjini, huku Makandana wanakuuliza umekunywa dawa gani.

Niseme moja kwa moja. Nina mimba ya miezi minne. Mpaka leo mchana waliojua ni mume wangu na nesi wa kliniki. Mama mkwe wangu, ambaye alipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, sikuwa nimemwambia. Sikusahau. Nilimficha kwa makusudi, nikiamini kwamba nalinda moyo wangu pamoja na kilichomo tumboni.

Mwaka jana wakati wa masika nilipoteza mimba ya miezi mitano. Mama mkwe alitoka kijijini kwake Ikuti siku ileile. Alikaa kwangu wiki tatu. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji, alifua nguo ambazo sikutaka mtu yeyote azione. Hakuniambia nisilie. Usiku alilala na mimi, mume wangu akahamia sebuleni na mtoto wetu, Lusajo.

Aliporudi kwake akaanzisha desturi. Kila Alhamisi anampa bodaboda wa kijijini kwao mkungu wa ndizi mbichi na kidumu cha maziwa mgando, navipokea mlangoni kabla ya saa nne. Hakuna barua, hakuna simu. Kwetu Rungwe mkungu wa ndizi unatosha kusema mtu anakukumbuka.

Sasa nieleze nilivyoharibu.

Mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine. Baridi ya Tukuyu haijawahi kuniangusha kibiashara. Kazi hii inataka macho na mikono, masikio yanabaki bila ajira. Kwa hiyo huwa naweka spika za masikioni nasikiliza. Mwanzoni nilisikiliza nyimbo za kwaya yetu, nijifunze sauti ya pili. Baada ya msiba ule nyimbo zikawa zinaniliza, nikahamia kwenye mahubiri. Rafiki yangu mmoja wa kwaya akaniunga kwenye kundi la WhatsApp la wanawake waombaji, wengi wao wakiwa wamepoteza mimba au watoto kama mimi. Walinifariji kweli. Sitasema uongo juu yao kwa sababu leo nimewakasirikia.

Kila asubuhi kwenye kundi lile mtumishi mmoja hutuma sauti. Sijawahi kumwona. Sijui anaishi mji gani. Ana sauti ya mtu anayekujali, na somo lake kubwa lilikuwa kuulinda moyo.

Ni neno la kweli, nimelijua tangu darasa la kipaimara, ndiyo maana sikustuka. Angeanza na uongo ningemkimbia. Na hakuwahi kuomba hela hata siku moja. Angeomba ningestuka mapema zaidi, maana sisi Wanyakyusa kwenye hela huwa tuko macho.

Alifundisha kwamba moyo una malango. Tulianza na lango la macho, tukaenda lango la masikio, kisha wiki tatu mfululizo tukakaa kwenye lango la chakula. Siku moja akasema mwanamke aliyepoteza mimba ajiulize nani alimpikia kabla, na nani alimshika baada. Akasema adui wa kweli hatoki mbali. Anakuja na sufuria mkononi, na mnamwita mama.

Nilisimamisha mashine. Lilikuwa sweta la kijani, mkono wa kushoto. Miezi yote ile nilikuwa namuuliza Mungu kwa nini, na Mungu alikuwa kimya. Hapa kuna mtu ana jibu, na jibu lenyewe lina sura, na linakaa Ikuti.

Nililitaka lile jibu. Hilo ndilo ungamo langu la kwanza.

Mtu asinidanganye kwamba nilidanganywa tu. Uchungu usio na wa kulaumiwa unachosha sana kuubeba. Nilipopata wa kumlaumu nililala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikadhani ile ndiyo amani ya Kristo.

Alhamisi iliyofuata mkungu ulipofika nilibaki nao jikoni nikiutazama. Kutupa chakula sikuweza, kwetu nilichapwa kwa hilo. Ni maziwa tu niliyoyamwaga, nyuma ya choo. Ndizi nikampelekea jirani yangu Mama Zuhura. Babu yake alikuja huku kutoka pwani zamani akiuza vitambaa, na mume wake bado anauza vitambaa pale Msasani. Wana watoto wanne. Nikamwambia mama mkwe ametuzidishia, zinatuozea. Akafurahi sana.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila Alhamisi, miezi mitano. Ndizi zinaingia mlango wa mbele, zinatoka mlango wa nyuma. Kisha naenda sokoni nanunua ndizi nyingine, huenda za Ikuti hukohuko, nampikia mume wangu. Baba Lusajo anakula anasema hakuna ndizi kama za mama yake. Mimi naitikia.

Mimba hii ilipoingia, mtumishi alikuwa na somo lake pia. Mimba changa haitangazwi kwa watu wa karibu. Nikamwomba Baba Lusajo tusimwambie mama mpaka ikomae. Alikubali, akidhani ni hofu ya kawaida ya mwanamke aliyewahi kupoteza. Nilimwacha adhani hivyo.

Basi, Alhamisi hii bodaboda alifika na mkungu, na nyuma ya mkungu ameketi mama mkwe mwenyewe. Alikuja hospitali kuonyesha macho, akaamua kulala kwetu siku mbili. Nilikimbia kuvaa sweta kubwa kuliko yote niliyonayo. Kwa baridi ile hakuna aliyeshangaa.

Sijamaliza kuchemsha chai, Mama Zuhura akaingia na khanga yake kichwani. Alimwona mama akishuka, akaona si adabu kukaa ndani. Alimwamkia vizuri, akaulizia safari, akaulizia macho. Halafu akashika mikono yake yote miwili.

"Mama, ndizi zako za kila Alhamisi zinatulelea watoto," akasema. "Mungu akuzidishie."

Mimi nimesimama mlangoni na trei ya chai.

Mama mkwe hakunitazama. Akajibu, "Ndaga, mwanangu," ile asante yetu ya Kinyakyusa, akauliza habari za watoto. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa akauliza kama ndizi huwa zinafika zikiwa zimeanza kuiva. Mama Zuhura akasema hapana, zinafika mbichi kabisa, bado zina utomvu, hata saa sita haijagonga. Mama akatikisa kichwa kwamba amesikia. Hakusoma sana mama mkwe wangu, lakini hesabu hiyo haikumshinda. Alijua kwamba sikuwa nagawa mabaki.

Wakanywa chai. Waliongea juu ya bei ya chai kavu na mvua. Mimi nilikuwa nawajazia vikombe.

Jioni ile nikimenya vitunguu swali likanikamata, na tangu hapo halijaniachia. Kama niliamini kwamba ndizi zile zina kitu, basi kwa miezi mitano nimekuwa nikiwalisha kitu hicho watoto wanne wa jirani. Kama sikuamini, basi nimemtukana mama wa watu bure. Ni lipi kati ya hayo?

Nilijikagua kwa haki. Niliamini kiasi cha kutokula, na sikujali kiasi cha kugawa.

Mtumishi aliwahi kusema kitu ulichokikataa mpe mtu wa nje, hakitamdhuru kwa sababu hakikutumwa kwake. Nililishika hilo bila kuuliza, kwa kuwa lilinifaa. Huyu mtu wa nje ni Mama Zuhura, ambaye Idi haijawahi kupita bila sinia la pilau kuingia kwangu, na nalila mpaka punje ya mwisho.

Jana Ijumaa, tulipotoka hospitali, mama akasema leo anapika yeye. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akamenya ndizi alizokuja nazo, akapika mbalaga kama wanavyopika kwao, na maharage na maziwa ndani. Baba Lusajo alikuwa gereji, Lusajo shuleni. Tulikuwa wawili mezani. Akaomba sala ya chakula, fupi. Akapakua sahani yangu akaiweka mbele yangu. Halafu, kabla sijashika kijiko, akakichukua yeye. Akachota kwenye sahani yangu, akala, akameza. Akakaa kidogo akinitazama. Kisha akakirudisha kijiko na kuisogeza sahani.

"Nimetangulia mimi," akasema. "Sasa kula."

Waliokulia vijijini kwetu hawahitaji maelezo. Wengine niwaeleze. Mgeni akikaribishwa pombe ya kienyeji, mwenye nyumba hunywa kwanza, mgeni aone kwamba haina kitu. Ni adabu, na ni ya mgeni usiyemjua, mtu wa njiani. Mwanao humfanyii hivyo. Mama mkwe wangu hajagusa pombe tangu ujana wake alipookoka. Alienda kuitoa desturi hiyo nyumbani kwa baba yake, miaka yote hiyo nyuma, akaifanya juu ya sahani yangu.

Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama adabu ile.

Nilikula. Nilimaliza yote. Na hapa niandike kilicho kweli, maana shajara ya uongo ni kumaliza bando bure. Huku natafuna, moyoni nilikuwa nakemea. Yale maneno ya kujikinga tuliyofundishwa kwenye kundi yalikuwa yanatembea yenyewe, sikuyaita. Mdomo unakula chakula cha mama, moyo unamwita adui. Sikuwahi kuogopa kitu hivyo. Nilitaka kuyanyamazisha nikashindwa, na ndipo nikajua kilipo kile kitu nilichokuwa nakitafuta kwenye mikungu ya ndizi. Nilikuwa nimejenga ukuta mbele ya jiko, na masikio nimeyaacha wazi kutwa nzima, yapitishe yeyote mwenye sauti nzuri.

Alipomaliza kula alivikusanya vyombo akaviosha mwenyewe. Nilisimama karibu naye nikitafuta pa kuanzia. Nikaishia kuvikausha vyombo.

Asubuhi ya leo ameondoka kabla mvua haijaanza. Baba Lusajo alikuwa ametoka kumtafutia usafiri. Mama akafunga khanga yake, akanishika bega, akaniambia kwa sauti ileile anayotumia kumwachia mtu maagizo ya ng'ombe.

"Alhamisi sitatuma kitu. Siku ukizitaka, utaniomba."

Nilirudi ndani nikapiga magoti kando ya mashine. Sikukemea chochote. Nilisema tu, Bwana, nilikuwa na hofu nikaiita imani. Sikusikia sauti, wala sikutegemea kuisikia. Lakini nikiwa pale nilianza kuwakumbuka watu niliopunguza kuwasalimia tangu nijiunge na kundi lile. Shangazi yangu mmoja. Bibi anayekaa karibu na kanisa, ambaye kosa lake ni uzee na macho mekundu. Mke wa mwalimu wa kwaya. Mama. Kila mmoja nilikuwa nimempa kosa ambalo hakulifanya. Moyo niliodhani naulinda ulikuwa umejaa watu niliowahukumu, na hapakuwa na nafasi ya kumpenda yeyote. Kristo ninayemjua mimi hakai na mtu miezi mitano akamfundisha kuogopa mkono uliomkanda.

Nikatoka kwenye kundi. Haikuchukua hata dakika rafiki yangu wa kwaya akaniandikia, "Dada, wameshakupata." Nililia kidogo. Huyu dada alilia na mimi mwaka jana, na najua anachokitafuta kwenye zile sauti, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Sijamjibu. Jumatano tutaonana mazoezini, nitamwambia uso kwa uso, taratibu, na kama hataki kusikia nitaimba naye hivyohivyo.

Nimefuta na sauti zote zilizokuwa kwenye simu. Mashine ilipokuwa inafanya kazi leo, nilifuma bila spika masikioni. Ni kelele tupu, mashine ile. Nilirudia Baba Yetu polepole, mstari kwa mstari, na kila maneno ya hofu yaliporudi nilianza tena mwanzo. Sweta moja limenichukua muda wa mawili. Nafikiri itakuwa hivi kwa muda, na sina haraka.

Mama Zuhura bado sijamwambia. Nitamwambiaje? Kwamba nilimpa nilichokiogopa? Ninajua nitapaswa, na sijui nitaanzaje. Watoto wake wamenawiri kuliko wa kwangu, hiyo ndiyo faraja pekee.

Baba Lusajo alirudi mchana ameloa. Nikamweleza yote, kuanzia sweta la kijani mpaka kijiko. Alisikiliza akiwa amesimama, maji yanadondoka sakafuni. Aliuliza swali moja tu, kama zile ndizi alizokuwa anazisifu zilikuwa za mama yake. Nikasema hapana, za sokoni. Akavuta kiti akakaa. Nilidhani atafoka, na ningeona ni haki. Akavua viatu vilivyoloa maji, halafu akasema nimpigie mama mwenyewe, yeye hatanisemea. Akaenda chumbani akafunga mlango.

Nilipiga saa kumi. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia nina mimba, imefika miezi minne. Nilisikia mvua kwenye bati la nyumbani kwake.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuzunguka. Hayakuja hata moja.

"Nilikuogopa, mama. Niliaminishwa kwamba ile ya kwanza uliichukua wewe. Na nikakubali."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema, niyaone. Nikatazama simu kama imekatika. Haikuwa imekatika. Nilimsikia akipumua, na nikasikia kama analia au anajizuia, sijui. Sikuwa na haki ya kuuliza.

"Na sasa?" akasema.

Ningeweza kusema hapana, siogopi tena, imekwisha. Lilikuwa jibu zuri na angelipokea. Lakini nimeshamdanganya mama huyu Alhamisi nyingi sana.

"Bado kidogo."

"Haya," akasema. "Hiyo kidogo tutaiombea. Umekula?"

Nikasema bado. Akasema nikale, mtoto hajagombana na mtu. Akakata simu.

Nimekula. Sasa hivi mvua inapungua, na Baba Lusajo ametoka chumbani, anamsaidia Lusajo kazi ya shule, hajaniongelesha bado. Ataniongelesha. Jumatatu sifumi. Naenda Ikuti kuomba ndizi kwa mdomo wangu, na nitazila hukohuko, nimeketi naye. Nitakiwahi kijiko kabla hajakigusa.